UZI: Nani anaamua kipi tusome mtandaoni, na anaamua kwa karatasi ipi?

kibaha_maili_moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtandao unapozimwa tunawaka wiki mbili, tunatumiana VPN (programu za kupenya vizuizi vya mtandao), halafu ukirudi tunahamia kwenye usajili wa Simba na Yanga. Ilikuwa hivyo Oktoba 2020. Ikawa hivyo Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nchi nzima ilikaa siku kadhaa bila intaneti, na mjadala mpaka leo umeng'ang'ania nani aliagiza kuzima. Swali hilo lina haki yake. Ila mimi nataka tukae na jambo ambalo halipati wachangiaji wengi: kanuni, leseni na barua. Kuzima nchi nzima ni kazi ya siku chache, tena dunia nzima inaona. Kazi ya kila siku ya kuwanyamazisha watu inafanyika ofisini, kwa karatasi, na wengi wetu hatujawahi kuzisoma hizo karatasi.

Nianze na mtiririko wenyewe, kwa sababu vijana wengi humu 2018 walikuwa sekondari.

Sheria mama ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ile inayofupishwa EPOCA. Hiyo ilipita bungeni. Ndani yake waziri mwenye dhamana amepewa mamlaka ya kutunga kanuni, na Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Kanuni hazipiti bungeni kifungu kwa kifungu kama muswada. Waziri anatia saini, zinachapwa kwenye Gazeti la Serikali, basi, zinakubana kama sheria nyingine yoyote.

Sasa tazama zilibeba nini. Mwenye blogu alitakiwa alipe Sh 100,000 ya maombi, Sh milioni 1 ya leseni na Sh milioni 1 nyingine ya mwaka. Yaani mtoto wa chuo anayeandika habari za kata yake alikuwa anadaiwa Sh milioni 2.1 kabla hajachapisha sentensi ya kwanza. Ukichapisha bila leseni, faini isiyopungua Sh milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Wenye intaneti kafe wakaambiwa wafunge kamera. Na ukiambiwa ondoa maudhui, una saa 12.

Mashirika sita, yakiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri, yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, yakapata zuio la muda mwanzoni mwa Mei 2018. Mwisho wa mwezi huohuo zuio likaondolewa. Juni 11 TCRA, yaani mdhibiti wa mawasiliano nchini, ikatangaza kwamba ambaye hajasajiliwa asitishe kazi mara moja. JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala, ikazima. Blogu nyingi za mikoani nazo zikanyamaza, na baadhi yake hazikurudi tena. Hakuna askari aliyegonga mlango wa mtu. Mtu alipiga hesabu, akaona mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa unaishia kwenye leseni, akafunga.

Julai 2020, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kanuni zikaandikwa upya. Zile saa 12 zikawa saa 2. Fikiria uko kwenye basi la Dodoma, simu imeisha chaji, na saa mbili zako zimeshaanza kuhesabiwa.

Niseme na hili kwa haki: baadaye ada zilishushwa, na mwaka 2022 wajibu wa leseni ukapunguzwa, ukabaki zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Watu walipiga kelele na kelele zikafanya kazi. Lakini mkono ulioshusha ada ndio uleule uliozipandisha, na unaweza kuzipandisha tena bila mbunge wako kunyoosha kidole.

Karatasi ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Watu wanakijua kifungu cha 16, cha taarifa za uongo. Mimi kinachoninyima raha ni cha 32, kinachomruhusu polisi kumtaka mwenye jukwaa atoe taarifa za mtu aliyeandika. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi maana hakutoa taarifa za wanachama walioandika mambo ya makampuni. Alipanda na kushuka ngazi za Mahakama ya Kisutu zaidi ya mara 100. Shauri moja aliachiwa 2018, jingine Aprili 2020 akatiwa hatiani, faini Sh milioni 3 au jela mwaka mmoja. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Tuzo ni heshima, lakini miaka ile ya kushinda mahakamani haikurudi.

Kwa nini hili linanigusa? Kwa sababu karani wa halmashauri anayeona dawa zinaibiwa stoo hana mahali pengine. Kwa jina lake hawezi kusema, ana watoto. Akijua kwamba jukwaa linaweza kubanwa likamtaja kwa barua ya polisi, bila hakimu kuisoma kwanza barua hiyo, atanyamaza. Na dawa zitaendelea kuibiwa.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na ana uhuru wa mawasiliano bila kuingiliwa. Haisemi kila mwenye leseni.

Hoja yangu ni moja, naomba tuijadili hiyo: amri yoyote ya kufunga tovuti, kuondoa andiko au kutaja jina la mwandishi ipite kwa hakimu kwanza, iandikwe sababu, na itangazwe. Leo hii mdhibiti anatunga masharti, anakuwa mlalamikaji, anasikiliza, anahukumu na kutekeleza, vyote ndani ya jengo moja.

Karibuni.

---

duka_la_vitenge

Kaka, mimi vifungu sivijui lakini nakuunga mkono. Nauza vitenge Kariakoo, wateja wangu wengi ni wa mikoani na wachache Lubumbashi. Oda zote ni picha za WhatsApp. Ile Oktoba mtandao ulipokatika nilikuwa nimeshapokea hela za watu na mzigo haujatoka. Mtu yuko Mpanda, hanioni, simu nampigia haingii vizuri, anajua nimemtapeli. Mteja mmoja wa miaka mingi mpaka leo hajaniamini tena sawasawa.

Swali langu: hasara ile nani anailipa? Bando lenyewe la mwezi nililonunua likaishia hewani.

---

mzee_wa_ngara

Vijana, nawasoma kwa makini. Niruhusuni niseme tofauti kidogo.

Mwaka 1994 nilikuwa hapa Ngara. Mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Mimi niliwaona kwa macho yangu, wanawake na watoto, wengine na majeraha ya panga. Huko Rwanda redio ya RTLM ndiyo iliyokuwa ikiwataja watu kwa majina ili wauawe. Tangu siku zile, mtu akiniambia maneno hayaui, simwelewi. Kenya mwaka 2007 na 2008 nako ujumbe wa simu wa kuchochea makabila ulisambaa. Leo kuna video za kutengenezwa na kompyuta, mtu anawekewa maneno ambayo hakusema.

Serikali ikikaa kimya mpaka hakimu arudi kutoka likizo, nchi itakuwa imeshaungua. Mwanangu wa Kibaha, hapo unasemaje?

---

kibaha_maili_moja

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeleta ushahidi wa macho. Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu na sitalikwepa.

Nakubali kabisa kwamba maneno yanaua. RTLM iliua. Lakini mzee, tuitazame RTLM yenyewe. Haikuwa redio ya kificho ya watu wa msituni. Ilianza kurusha matangazo 1993 ikiwa na kibali, na waliokuwa nyuma yake walikuwa watu wa karibu na utawala. Leseni haikumlinda Mnyarwanda hata mmoja, kwa sababu mwenye mamlaka ya kuifunga redio ile hakutaka ifungwe. Mamlaka ya kunyamazisha yakiwa mkononi mwa serikali peke yake, siku serikali au genge ndani yake likiwa ndilo mchochezi, raia hana pa kukimbilia. Na waliohukumiwa baadaye kwa uchochezi ule, akina Nahimana na Barayagwiza, walihukumiwa na mahakama pale Arusha, Desemba 2003. Maneno yao yalisomwa mahakamani, wakapewa nafasi ya kujitetea, hukumu ikaandikwa. Huo ndio utaratibu ninaoutaka.

Kuhusu haraka: hakimu wa zamu yupo. Polisi wakitaka mtu azuiliwe zaidi ya muda wa kisheria wanampeleka kwa hakimu, hata nchi ikiwa moto. Kama kuna andiko linalosema "nendeni mtaa fulani mkachome nyumba ya fulani", liondolewe saa hiyohiyo, na mdhibiti apeleke ombi mahakamani ndani ya saa 24 au 48 athibitishe. Asipothibitisha, andiko lirudi. Mimi hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanza pale neno "uchochezi" linaposhonwa kama kanzu ya kumtosha kila mtu. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyogusia watu kutekwa na kupotea. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ikasimamishwa siku 90, na uchaguzi ukapita humohumo. Mzee, hapo hakuna aliyetajwa kwa jina ili auawe. Siku 90 kwa chombo cha habari kipindi cha uchaguzi ni kama uchaguzi mzima.

---

fundi_minara

Niingie upande wa ufundi maana naona watu wanachanganya mambo.

Kuna njia tatu ambazo mtandao "unafungwa", na kila moja ina dalili zake.

Ya kwanza ni kufunga jina. Unapoandika anwani ya tovuti, simu yako inauliza seva ya kampuni ya simu: hii inakaa wapi? Kampuni ikiamriwa, seva inajibu uongo au inakaa kimya. Hiyo ni rahisi kuikwepa, ukibadilisha seva ya kuuliza mambo yanakwenda.

Ya pili ni kuchuja njiani. Mawasiliano mengi siku hizi yamefungwa kwa usimbaji, yaani yanasafiri kwa lugha ya siri, kampuni ya simu haioni umesoma ukurasa gani. Ila jina la tovuti unayokwenda kwa kawaida linaonekana mwanzoni mwa safari, kwa hiyo kifaa kinaweza kukata kila kinachoelekea huko. Hapa kuna jambo kubwa ambalo wanasiasa wengi hawalijui: kwa sababu ya usimbaji huo, mdhibiti hawezi kufunga andiko moja tu la X au video moja tu ya YouTube. Ama mwenye jukwaa aiondoe mwenyewe, ama nchi ifunge jukwaa zima. Ndiyo maana kosa la akaunti moja linaishia kuwaadhibu watu wote. Mei 2025 akaunti ya Polisi ilidukuliwa, X ikafungwa kwa nchi nzima. Baadaye serikali ikaeleza kwamba mtandao ule unaruhusu maudhui ya ngono. Sababu yoyote utakayoichukua, mkulima aliyekuwa anafuatilia bei ya korosho amefungiwa pamoja na wengine.

Ya tatu ni kuzima kabisa. Kampuni zinaondoa njia za kwenda nje, nchi inatoweka kwenye ramani ya intaneti. Hapo VPN haisaidii kitu, kwa sababu hata VPN inahitaji barabara.

Namna ya kutofautisha na hitilafu: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa nzito hapa, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, kote. Kila kitu kilikuwa kizito kwa pamoja. Ukiona mtandao mmoja haufunguki na mingine inapaa, na ukiwasha VPN ule mmoja unafunguka, hiyo si hitilafu.

VPN nazo, tangu Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaozitumia kazini wazisajili. Kwa hiyo hata mlango wa nyuma umeshawekewa daftari.

---

mjukuu_wa_pumwani

Niko Nairobi, naomba niongeze yetu. Msidhani huku ni raha tu.

Sisi tulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, "matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano". Mtu akiudhi mkubwa Facebook, anashikwa. Aprili 2016, kwenye kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi akakifuta, akasema maneno yake ni mapana mno, raia hawezi kujua kosa lenyewe liko wapi. Tulishangilia. Ikapita miaka miwili tu na kidogo, Mei 2018 Rais Uhuru akatia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, habari za uongo zikarudi kuwa kosa. Chama cha wanablogu kikaenda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirudisha. Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho yanayofungua njia ya kuagiza tovuti zifungwe. Siku chache tu, korti ikasimamisha sehemu yake.

Na Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia bungeni, intaneti ilianguka. Jana yake tu Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima.

Ninachotaka kuwaambia ndugu zangu wa Tanzania: korti inasaidia, lakini kesi ikiisha lazima mbaki macho. Huku kifungu kinazikwa asubuhi, jioni kinafufuka na jina lingine.

---

duka_la_vitenge

Sasa mbona hakuna aliyenijibu kuhusu hasara?

---

kibaha_maili_moja

Dada yangu, samahani, swali lako ndilo linalotufikisha nilikotaka kufika.

Kudai hasara unahitaji kujua nani alitoa amri, kwa sheria gani, na lini. Bila hivyo ukienda mahakamani kampuni ya simu itasema "tuliagizwa", na ukiuliza mliagizwa na nani huonyeshwi kitu. Kwa hiyo barua ile ya amri ndiyo roho ya kesi.

Nitoe mfano wa Zimbabwe kwa sababu unaonyesha kila kitu. Januari 2019 bei ya mafuta ilipandishwa, watu wakaandamana, intaneti ikazimwa. Kampuni ya Econet haikukaa kimya. Iliwatangazia wateja wake kwamba imepewa amri, na amri imetoka kwa nani. Mawakili wakaichukua amri hiyo wakaikimbiza Mahakama Kuu ya Harare. Januari 21 mahakama ikasema waziri aliyeitoa hakuwa na mamlaka hayo, sheria ile ilimpa rais. Intaneti ikarudi. Mahakama haikuhitaji hata kuingia kwenye hoja kubwa za uhuru wa maoni. Saini ilikuwa ya mtu asiyestahili, basi, na hilo lilijulikana kwa sababu tu karatasi ilionekana.

Togo nako walizima Septemba 2017. Kesi ikaenda Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na Juni 2020 mahakama ikasema hakukuwa na sheria yoyote iliyoruhusu kuzima kule, serikali ikaamriwa kuwalipa waliofungua kesi. Dada, ndiyo kusema kulipwa kunawezekana, ingawa ilichukua karibu miaka mitatu.

Na sisi tuna Mahakama ya Afrika Mashariki palepale Arusha. Machi 2019, katika kesi ya Baraza la Habari na wenzake, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likairekebisha sheria ile. Halikufanya yote, lakini lilifanya. Uganda nao, Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya kompyuta, kile cha "mawasiliano ya kuudhi", kilichopeleka watu wengi rumande kwa kumkera mkubwa. Wakati huohuo Facebook yao ilikuwa imefungwa tangu Januari 2021. Ndugu wa Pumwani amesema kweli, mlango mmoja unafunguka na mwingine umekomewa.

Mzee wangu wa Ngara, bado nakusikia. Sitaki nchi isiyo na sheria ya mtandao. Anayemtishia mwanamke kwa picha zake za faragha akamatwe. Anayeitisha mauaji akamatwe leo. Ila anayekamata asiwe ndiye anayeandika kosa, na asiwe ndiye anayehukumu.

---

mzee_wa_ngara

Marahaba mwanangu. Hilo la saa 48 na hakimu wa zamu nimelielewa, nalikubali. La leseni ya ile redio sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini video za uongo zitakuja nyingi kuliko mahakimu tulio nao, hilo bado linanitisha.

---

kibaha_maili_moja

Linanitisha na mimi mzee, na sina jibu kamili. Najua tu kwamba uongo unapozagaa, watu wanahitaji pa kuhakikisha, na kufunga vyombo vya habari kunaondoa pa kuhakikisha. Zile siku za giza mtaani kwetu kila mtu alikuwa na habari yake, nyingine za kutisha, na hakuna aliyeweza kuzipima.

Sasa kazi. Wenye blogu, wenye chaneli za YouTube, wenye magrupu makubwa, wenye intaneti kafe: mliowahi kupokea barua ya kuondoa kitu au ya kutaja mtu, tangu 2018 mpaka leo, iwekeni humu. Futeni majina yenu na ya watu binafsi, namba za simu na mihuri inayoweza kuwatambulisha. Acheni tarehe, kifungu kilichotajwa na muda mliopewa. Kuna wakili amenipigia baada ya kusoma ukurasa wa kwanza, anataka kuona ni barua ngapi zilitaja kifungu cha sheria na ngapi hazikutaja chochote. Fundi wa minara, ukiweza tuandikie uzi wa namna ya kuhifadhi ushahidi siku mtandao mmoja unapofungwa, kwa lugha hiyohiyo uliyotumia hapo juu. Nitaweka barua ya kwanza kesho asubuhi, ya rafiki yangu mwenye blogu huku Pwani, ameshanipa ruhusa.